Mashini Yenye Haishiki Neno

Goma, Birere, tarehe 14 Septemba 2025

Charline mwipwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mutu ambaye leo akilala na homa, Birere nzima inakosa hata karatasi ya kuzikia maiti. Sisemi kwa kujisifu. Asubuhi kabla sijafungua mlango, watu wamejipanga: mwenye anataka photocopy, mwenye anataka picha ya pasipoti, mwenye anataka barua ya kuomba kazi na hajui kama hiyo kazi iko. Hata wale wenye bunduki wakipita wanauliza, "Muzee Gauthier, uko?" Nawajibu niko. Basi wanapita. Unakumbuka volkano ya 2021, moto uliteremka ukasimama kabla ya kuingia mjini? Watu wanasema ni Mungu. Nami sikatai, ila nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu.

Wewe afya yako huko Kampala? Zile ndizi zao tumbo linazikubali? Sisi tunapumua. Mama yako anapumua pia. Mguu unamuuma, masikio ni yale yale: toka bombe lianguke karibu na kambi pale Kanyaruchinya, dada yangu Séraphine anasikia tu kitu cha kupigiwa kelele. Simu kwake ni kama jiwe. Zile bafle zangu mbili, spika kubwa za muziki, ndizo anazosikia.

Unajua kwa nini naandika barua wakati simu ziko. Siku uliyovuka mpaka bila kuniaga, mimi mwenye nilikulisha na kukupa meza yangu ya kazi, nilisema mbele ya watu: sauti ya Charline haitaingia tena katika simu yangu. Nimeshika neno langu. Juu ya barua sikusema kitu. Hii nimeipiga mwenyewe, nimeiweka katika kle yako ya USB, Bénita wa vitenge ataibeba akirudi huko kununua.

Sasa sikiliza. Ile sauti ya kwanza uliyomtumia mama yako imefika ndani ya kle hiyo. Lakini mashini uliyoniachia, ile ya Linux, imeshikwa na ugonjwa. Josias wa kwaya aliniomba kukata nyimbo zao, kwa sababu mjini hapa hakuna mwingine wa kukata sauti bila damu kutoka. Nikaingiza programu ya kukata. Nilifungua kila kitu na sudo, kama wakubwa wanavyofanya. Mutu wa kimo changu haombi ruhusa kwa mashini. Kazi ilikuwa nzuri, kwaya ililia.

Toka siku hiyo, kila sauti inafunguka katika programu ya Josias. Mama yako alikaa, akabonyeza mara mbili ile picha yake iliyoandikwa MAMA, kama ulivyomfundisha zamani akitoka kambini Jumapili kusikiliza mahubiri. Ikatokea mistari, inapanda inashuka, kimya kabisa. Akaitazama. "Gauthier, haya si matuta ya viazi? Charline ananitumia shamba?" Nikamwambia hiyo ni sauti yako. Akasema, "Sauti haionekani."

Naingia katika réglages, kwenye mipangilio ya mashini, nachagua ile programu ndogo ya kupiga muziki, inaandikwa vizuri. Nafunga. Narudi, iko tena ile ya Josias. Hata picha ya nyuma: naweka yangu ya suti, nikizima na kuwasha yanarudi maua yako. Mashini haishiki neno. Nimeshapata dawa karibu, ila nakupa nafasi nawe useme unachojua.

Mjomba wako,
Gauthier Nsabimana
(Wale wa Linux hapa Goma tulikuwa wawili, mwenzangu alihamia Kinshasa.)


Kampala, 28 Septemba 2025

Mjomba,

Salamu kwako, na kwa Mama. Natumaini mnalala bila kelele za risasi. Mguu wa Mama umkandie maji ya moto na chumvi, anakubali akiona wewe ndiye umeyapasha. Mimi ni muzima. Natengeneza kompyuta kwenye duka moja la hapa, nasimama mchana wote. Ndizi nimezizoea.

Nimekuita kwa simu, unakata. Haya, tuandikiane.

Ugonjwa wa mashini naujua. Sudo ni kofia ya mwenye mashini, anaitwa root. Ukiivaa, kila unachoandika kinakuwa cha root. Ukiivua na kurudi kuwa Gauthier, mashini inakuonyesha chaguo lako kwenye kioo, lakini haina pa kuliandika, kwa sababu kafolda kanakotunza mapendeleo yako kamekuwa ka mwingine. Ndiyo maana ukirudi imesahau. Tuhakikishe kwanza. Fungua terminali, kile kidirisha cha kuandikia amri, andika hivi hivi:

ls -ld ~/.config

Nitumie jibu lake neno kwa neno.

Kwa sasa kuna njia ya pembeni. Bonyeza sauti upande wa kuume, chagua "Ouvrir avec", yaani fungua kwa, kisha ile programu ndogo. Itapiga. Lakini mikono ya Mama inatetemeka, hiyo njia hataiweza, na sitaki umfanyie siku zote. Mjomba, nakuomba kitu kimoja. Yaliyo ndani ni ya Mama peke yake. Mufungulie, kisha utoke. Usisikilize. Mlango ufungwe.

Na usivae sudo tena kwa kukata nyimbo.

Mwipwa wako,
Charline Umugwaneza


Goma, 19 Oktoba 2025

Mwipwa wangu,

Amani ya Bwana ikufikie. Hapa mvua imeanza, Birere ni matope hadi goti, ila kwangu watu wanafika hata kwa kuogelea. Wiki hii mzungu mmoja alileta printa iliyokufa, mafundi wa nchi tatu walikuwa wameizika. Nikaiwekea mkono hivi, ikakohoa, ikatoa karatasi. Alitaka kunichukua Ulaya. Nikamuuliza, na Birere niiache na nani?

Mstari wako nimeuandika. Mashini imekataa. Jibu lake neno kwa neno sikupi, kwa sababu mutu mkubwa hanakili matusi ya mashini. Jua tu kwamba imekataa. Labda huko Kampala mnaandika kwa namna yenu.

Habari ya kofia nimeielewa kabla hujamaliza kuieleza. Lakini usinifundishe sudo. Mimi nilikuwa naagiza mashini wakati wewe unacheza kamba.

Juu ya mama yako, usiwe na wasiwasi. Nimemufungulia kwa njia ya pembeni. Amesikia. Hakusema kitu. Alisimama akaenda kuanika maharagi.

Mguu nimekanda.

Mimi mjomba wako,
Gauthier


Kampala, 2 Novemba 2025

Mjomba,

Salamu. Asante kwa mguu wa Mama.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, ikabidi nitoke nje. Amesikia, na hakusema kitu. Haya. Nilijua inaweza kuwa hivyo. Ila nilitumaini atatukana angalau. Mama akitukana mutu, amemsamehe tayari.

Nilimuuliza jambo moja katika ile sauti, naye Mama hana haraka, labda bado anafikiri. Kwa hiyo nataka aweze kurudi kusikiliza mwenyewe, wakati wake, bila kusimama nyuma ya wateja wako kuomba. Ndiyo sababu napigania hicho kitu kidogo, Mjomba. Kibonyezo kimoja, mara mbili, sauti itoke. Alipoteza nyumba ya Kibumba, akapoteza na hema la kambini. Kile kibonyezo kilikuwa kitu cha mwisho anachofanya bila kumuomba mutu.

Siwezi kungoja jibu la mstari wa kwanza, nakupa dawa moja kwa moja. Mstari huu unamwambia root amrudishie Gauthier kafolda kake:

sudo chown -R gauthier:gauthier ~/.config

Itaomba neno la siri, andika, hayo maandishi hutayaona, ni kawaida. Ikinyamaza, imekubali, mashini ya Linux ikikubali haisemi. Kisha rudi réglages, chagua programu ndogo, zima, washa. Itashika. Ikisema neno lolote, liandike, hata kama ni tusi.

Bénita atapita kwenu mwanzo wa Desemba. Mwambie Mama hivyo tu: Bénita anapita. Yeye anajua maana yake, kama amesikia.

Mwipwa wako,
Charline


Goma, 7 Desemba 2025

Charline,

Salamu. Mimi niko. Mama yako yuko.

Bénita alifika jana na moto mbili, pikipiki za kukodi, moja yake, moja tupu. Sijui ulimtuma kwa nani. Akasimama mlangoni akipiga kelele kwa masikio ya Séraphine: "Mama Charline! Uko tayari? Nguo zako ziko wapi?"

Mama yako akadhani anauza. "Vitenge sitaki, mama. Niuzie mtu mwenye sherehe."

"Si vitenge! Twende! Charline anakungoja!"

"Charline gani?"

"Kuna wangapi? Mutoto wako! Alikuambia katika sauti, ufunge mizigo, mimi nikuchukue!"

Mama yako akanigeukia mimi. Wateja walikuwa wamejaa, Josias naye yuko na filimbi yake ya kwaya. Akaniuliza, polepole kabisa, wewe unajua polepole yake: "Gauthier, yale matuta yalikuwa yanasema hivyo?"

Nikasema dada, ulisikia. Akasema, "Nilisikia neno moja."

Charline, nikueleze vizuri, kwa sababu Bénita ana mdomo na atakueleza vibaya. Siku ile nilimufungulia kwa njia ya pembeni. Nilitaka kufunga mlango, lakini kwaya ilikuwa imekuja kuchukua nyimbo zao, na kazi ya watu ni kazi ya watu. Nikamwambia asubiri. Alisubiri kwenye benchi, na leso yake mpya mkononi. Nikaona anachoka, basi nikabonyeza wale wa kwaya wangali mule ndani. Bafle zangu unazijua. Ukasema "Mama," na njia nzima ikageuka, mpaka wauza mandazi. Josias akacheka, si kwa ubaya. Mama yako akaweka kiganja juu ya bafle kama mutu anayefunika sufuria. "Zima." Nikazima. Hakuniomba tena. Hiyo ndiyo "amesikia" niliyokuandikia. Neno moja nalo ni kusikia.

Jana nikamwambia njoo, watu wote watoke, nifungue sasa. Akakataa. Alimwambia Bénita: "Siendi kwa mutu asiyenisemesha. Aliniachia mkono pale barrière ya mpaka, sasa ananituma pikipiki." Bénita akaondoka na ile moto tupu.

Mashini bado inakataa. Mstari wako wa pili nao umekataa. Ungekuwa unaandika dawa inayofaa, tusingefika hapa.

Gauthier, mjomba


Kampala, 14 Desemba 2025

Mjomba,

Sitauliza habari. Bénita amenipa zote.

Uliniandikia "amesikia". Karibu miezi miwili nimekuwa naamka na kulala na mama aliyenisikia akanikataa, kumbe ni kwaya.

Dawa yangu inafaa. Naiandika kila siku kwa mashini za watu nisiowajua, na inafaa. Umekosea mahali, na hutaki kuniambia wapi.

Sasa sina tena cha kuficha, kwa hiyo mwambie kwa mdomo wako, na umpigie kelele hadi asikie, majirani wakisikia wasikie. Mwambie: siku ile Januari, mabombe yanaanguka, pale petite barrière, nilimshika mkono. Watu walisukuma nyuma yetu. Nilihisi leso yake inateleza kati ya vidole vyangu na nikaishika leso, nikidhani ni mkono. Nilivuka na leso. Nilipogeuka wamefunga. Sikuachia, Mama. Nilishika kitu kisichokuwa wewe. Ile leso iko hapa, nimeifua, siivai. Na chumba kiko, kitanda chake kiko upande wa dirisha.

Ndivyo ilivyo ndani ya ile sauti. Uipeleke nzima, usiiongezee chumvi. Hicho tu nakuomba, usiiongezee.

Charline


Goma, 22 Februari 2026

Charline mwipwa wangu,

Sijui kama afya yako ni nzuri. Natamani iwe. Nimekawia kwa sababu barua yako ilinikuta mama yako ameondoka. Baada ya Noeli alifunga jembe na sufuria katika kitenge, akapanda moto hadi Kibumba. Hakuniaga. Nadhani hiyo ni ya ukoo wetu. Nyumba yake imebaki kuta mbili, ametandika shiti ya plastiki juu yake, na viazi ameshapanda.

Nilimfuata. Nilibeba mashini katika gunia, na bafle moja mgongoni, watu wa njiani wakinicheka wakidhani naenda kuhubiri. Nilisahau kwamba batri ya mashini ilikufa zamani, na Kibumba pale kwake hakuna umeme wa kuchomeka hata taa. Nikaiweka chini kwenye matuta. Ilikuwa kama jiwe lingine la volkano.

Basi nikafanya ulivyosema. Nikasimama katika shamba nikamwambia yote kwa sauti ya juu, barrière, kusukumwa, leso, chumba, kitanda cha upande wa dirisha. Sikuongeza hata neno, Mungu anaona. Mwanamke wa shamba la jirani aliacha kulima akafuta macho.

Mama yako hakuacha. Alifika mwisho wa tuta, akanyoosha mgongo, akasema: "Hiyo ni sauti yako, Gauthier. Maneno yako nayajua toka ulipokuwa mdogo. Kesho utaniambia ni wewe ulisimamisha volkano."

Nikamuapia. Akasema, "Uliapa na mambo ya ndoo pia." Akanipa viazi vilivyobaki vya mbegu nibebe nyumbani, akaniambia nisikae njiani giza likikaribia.

Nilirudi. Nikakaa mbele ya mashini siku nyingi bila kuigusa, wateja nikiwaambia imekufa. Juzi nikashika kitambaa na alikoli kusafisha klavye, ili mikono iwe na kazi. Unajua vile vibonyezo vimejaa uchafu wa vidole vya Birere nzima. Nilipofika kwenye é, ile é ya kuandika Séraphine, uchafu ukatoka, na pembeni chini nikaona alama ndogo sana, mustari umepinda.

Nikaandika mstari wako wa Novemba. Nikashika Alt Gr, nikabonyeza ile é. Ikatokea ~. Nikaweka neno la siri. Mashini ikanyamaza, kama ulivyosema. Nikachagua programu ndogo, nikazima, nikawasha. Imeshika. Hata picha yangu ya suti imebaki, nimeitoa, nimerudisha maua yako. Nikafunga mlango, nikabonyeza MAMA mara mbili. Ukasema, "Mama, ni mimi." Nikazima hapo, kwa sababu si yangu.

Sasa inafanya kazi kila siku, na hakuna wa kuibonyeza. Natafuta batri. Nikiipata nitapanda tena Kibumba, nitaweka bafle kwenye matuta, nami nitaenda kukaa mbali barabarani. Hiyo siiapi, nakuandikia tu.

Nitakuita kwa simu Jumapili. Uko na haki ya kukata.

Na kile ulichoniuliza, nilikosea wapi. Toka Septemba, ile alama ya mbele katika mistari yako, hicho kimustari kilichopinda kama nyoka mudogo, sikukiona popote kwenye klavye. Nikaweka kile kimustari kilichonyooka, cha kutoa katika hesabu. Mashini ikajibu "option invalide", yaani chaguo halifai. Nikajaribu tena hivyo hivyo, kila wiki, ikajibu hivyo hivyo. Ningekuuliza, ungenijibu kwa neno moja. Lakini nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa hapa kwamba klavye naijua macho yakiwa yamefungwa, na niliona haya kumuuliza mutoto niliyemfundisha alfabeti alama moja iko wapi.

Mjomba wako,
Gauthier